Akatwe mshipa wa kisigino sasa, au asubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 5 na miezi 2. Alizaliwa njiti, wiki ya 31, na baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo ulioshika miguu yote miwili. Alikaa mwenyewe kabla ya kufikisha miaka miwili. Sasa nyumbani anatembea bila kushikwa, ila kwa ncha za vidole, na magoti yamekunjwa kidogo na yanasuguana. Sokoni na kwenye ngazi lazima nimshike mkono. Anaongea vizuri na anatumia dawa ya kifafa. Madaktari wa kambi ya upasuaji waliopita hapa mkoani wameshauri akatwe mshipa wa kisigino miguu yote miwili, na nafasi ipo mwezi ujao. Mtaalamu wa mazoezi anasema tusubiri. Nimsikilize nani? Na akishafanyiwa, atatembea kama wenzake? Mama, Korogwe.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa maelezo haya, mimi niko upande wa mtaalamu wa mazoezi, angalau mpaka mambo mawili yajulikane: unyayo wa mtoto unapanda hadi wapi goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, na eksirei ya nyonga inaonyesha nini. Kabla ya hapo hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba operesheni hiyo itamsaidia. Nafasi ya kambi ikipita, kambi nyingine itakuja. Kano, yaani huo mnaouita mshipa wa kisigino, ikirefushwa kupita kiasi ni vigumu mno kuirudisha.

Kwanza ujue kinachoguswa na kisu. Tatizo la binti yako liko kwenye ubongo. Kwa watoto njiti, eneo linaloumia mara nyingi ni lile lililo jirani na vyumba vya maji ndani ya ubongo, na nyuzi za neva zinazokwenda miguuni hupita hapo hapo. Ndiyo maana miguu imekaza huku mikono na kauli viko salama. Jeraha hilo haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili: mifupa inarefuka, na misuli yenye mkazo haikui kwa kasi ile ile, hivyo kila mtoto anaporefuka ghafla anaonekana kama amerudi nyuma. Daktari wa mifupa harekebishi ubongo wala hauondoi mkazo. Anarefusha kano au utando wa misuli, au ananyoosha mfupa uliopinda. Watu husema "kukatwa mshipa", lakini mshipa wa damu hauguswi, wala neva haiguswi.

Sasa tuje kwenye hicho kisigino. Mtoto anayetembea kwa vidole anaweza kuwa na moja ya hali tatu, na ukimtazama kwa mbali zote zinafanana.

Ya kwanza, misuli ina mkazo tu na urefu wake bado unatosha. Hii unaweza kuitazama wewe mwenyewe usiku, mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Mlaze chali, goti linyooke. Shika kisigino kwa kiganja, unyayo uegemee kwenye mkono wako, uugeuze kidogo kuelekea ndani, kisha uusukume juu taratibu ukihesabu hadi tano. Kule kuugeuza ndani kuna sababu: usipofanya hivyo unyayo unavunjikia katikati, unaona vidole vimepanda na kudhani kisigino kimeshuka, kumbe hakijasogea. Unyayo ukivuka pembe mraba na mguu wa chini, yaani nyuzi 90, hapo hakuna kano fupi na hakuna cha kukata.

Ya pili, unyayo unagoma goti likinyooka lakini unapanda vizuri goti likikunjwa. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Wa juu juu unaanzia juu ya goti, wa chini yake unaanzia chini ya goti, na yote miwili inaungana kwenye kano ya kisigino. Kama kukunja goti kunaleta nafuu, mfupi ni ule wa juu pekee, na operesheni inayomfaa ni kuachia utando wa msuli huo katikati ya kigimbi, kano ya kisigino ikiachwa salama. Unyayo ukigoma katika mikao yote miwili, basi yote miwili imefupika na hapo ndipo kano yenyewe huweza kurefushwa.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi kwa binti yako, kwa sababu umetaja magoti yaliyokunjwa. Kuna watoto ambao kisigino hakigusi chini kwa sababu goti na nyonga havinyooki, wakati kifundo chenyewe hakina kosa. Mpige video kwa simu akitembea, wewe ukiwa umechuchumaa ubavuni kwake, umbali wa mita tatu hivi, simu iwe usawa wa magoti yake. Simamisha picha pale mguu mmoja unapobeba uzito wote. Tazama pembe kati ya unyayo na mfupa wa mbele wa mguu. Ikiwa ni mraba huku kisigino kiko hewani, kosa liko juu, kwenye misuli ya nyuma ya paja na ya mbele ya nyonga.

Ukikata kano ya kisigino ya mtoto wa namna hiyo, unaondoa breki. Kigimbi ndicho kinachouzuia mguu usiangukie mbele mtoto anapokanyaga. Breki ikilegea, goti linakunjika zaidi kila hatua, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi muda wote bila kupumzika, kifuu cha goti kinaanza kuuma, na akifika miaka 12 au 13, uzito umeongezeka, anaanza kuomba kubebwa. Hali hii ya kutembea kwa kuchuchumaa ni ngumu kuirekebisha kuliko vidole vilivyoleta shida mwanzoni. Hutokea zaidi kwa watoto walioathirika miguu yote miwili, kama wako, kuliko walioathirika upande mmoja.

Umri nao una uzito wake. Kadiri mtoto anavyofanyiwa mapema, ndivyo kano inavyorudi kukaza kwa urahisi zaidi, kwa kuwa bado ana miaka mingi ya kukua mbele yake. Wengi wetu tunapenda kusubiri mpaka mwendo umetulia, mara nyingi kati ya miaka 8 na 12, kisha kila kilichofupika na kilichopinda kirekebishwe kwa mkupuo mmoja, nyonga, goti na kifundo, chini ya usingizi mmoja. Zamani ilikuwa kisigino mwaka huu, goti mwakani, nyonga mwaka wa tatu. Mercer Rang, daktari wa mifupa ya watoto wa Toronto, aliubatiza mtindo huo ugonjwa wa sikukuu ya kuzaliwa, maana mtoto kila mwaka alikuwa wodini.

Kitu kimoja hakisubiri umri, nacho ni nyonga. Msuli wa ndani ya paja ukivuta miaka kadhaa, kichwa cha mfupa wa paja kinaanza kutoka kwenye kikombe chake, na huko mwanzoni hakiumi. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2006 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao husogea. Kwa wanaotembea bila shida kubwa, ngazi ya 1 ya GMFCS, kipimo cha ngazi tano cha uwezo wa mtoto kujongea, haikutokea kabisa. Kwa wale wa ngazi ya 5, wasioweza hata kushika shingo, ilifika 90 kwa 100. Binti yako, kwa unavyomweleza, yuko ngazi ya 2. Hatari yake si kubwa, lakini magoti yanayosuguana yanatosha kuomba picha. Iwe picha ya nyonga zote mbili kwa mbele, amelala chali, miguu sambamba, vifuu vya magoti vikitazama juu. Akipigwa miguu imetanuka au imepinda, namba inadanganya. Daktari atapima ni asilimia ngapi ya kichwa cha mfupa iko nje ya kikombe. Ikizidi 30, picha irudiwe baada ya miezi 6. Ikikaribia 40 na inaendelea kupanda, hapo kisu kinazungumzwa hata kama mtoto ana miaka minne.

Miaka hii ya kusubiri si ya kukaa bure. Ikiwa unyayo umeanza kugoma kidogo, njia ya kwanza ni mahogo ya mfululizo, yaani ile plasta ngumu: anafungwa chini ya goti, baada ya wiki moja linafunguliwa, unyayo unasogezwa nyuzi chache juu, anafungwa jingine, mara tatu au nne. Ni rahisi, halihitaji usingizi, na kosa lake kubwa ni kulazimisha nyuzi nyingi kwa siku moja mpaka kisigino kinachubuka. Sindano ya botulinamu hulegeza mkazo kwa miezi mitatu hivi, haimsaidii mtoto ambaye msuli wake umeshafupika, na kwa kawaida hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo uliza imesafirishwaje kabla hujailipia. Kuna pia operesheni ya uti wa mgongo ya kupunguza nyuzi za neva zinazoleta mkazo, iliyoenezwa na daktari Warwick Peacock alipokuwa Cape Town miaka ya 1980. Inafaa watoto wachache waliochaguliwa kwa makini, wengi wao njiti wenye mkazo wa miguu kama huyu, lakini bila timu ya mazoezi ya karibu kila siku kwa miezi mingi baadaye nisingemshauri mtu.

Nyumbani, asikae kwa mkao wa herufi W, miguu imetupwa nyuma pembeni. Mpe kigoda. Alale kifudifudi dakika 20 hadi 30 kila siku akitazama vitabu au katuni, ili mbele ya nyonga inyooke. Kuhusu kunyoosha kwa mkono, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1988 uliona kwamba msuli wa kigimbi haukufupika pale ulipokuwa umenyooshwa angalau saa 6 kwa siku. Dakika tano za kuvuta asubuhi hazifiki popote. Splinti, yaani kifaa cha plastiki kinachovaliwa kushika unyayo na mguu, ndiyo inayofikisha saa hizo. Kuchua kwa mafuta kunamliwaza mtoto, endelea ukipenda, ila hakurefushi msuli.

Tuseme sasa vipimo vimefanyika na kweli kunahitajika kisu. Kabla ya siku hiyo apimwe wingi wa damu, selimundu na malaria. Akiwa na kikohozi cha makamasi mazito au homa, operesheni isogezwe wiki chache, maana kifua cha mtoto wa mtindio hakivumilii usingizi kama cha wengine. Dawa ya kifafa haiachwi: anakunywa asubuhi ile ile kwa maji kidogo sana, kwa ruhusa ya daktari wa usingizi. Kama ni valproeti, itaje kwa jina, kwa kuwa inaweza kupunguza chembe sahani za damu na wanapaswa kuzihesabu. Watoto wengi wanaopata degedege wodini ni kwa sababu dozi mbili tatu zimerukwa na kila mtu akidhani mwenzake amempa.

Operesheni ya kigimbi yenyewe haichukui muda, na mtoto anatoka na hogo la chini ya goti kwa wiki 4 hadi 6. Likiwa la chokaa linahitaji saa 48 kukauka kabisa. Katika muda huo libebwe kwa viganja vilivyo wazi, lisikandamizwe kwa vidole wala kuegeshwa kisigino juu ya kitu kigumu, kwa sababu kila kishimo cha nje ni uvimbe ndani unaofinya ngozi. Mguu ukae juu ya mito miwili.

Usiku wa kwanza na wa pili misuli inashtuka yenyewe na mtoto anaamka akilia. Hayo ni maumivu ya mshtuko, na parasetamoli peke yake mara nyingi haitoshi. Omba wodini dawa ya kulegeza misuli, kwa kawaida diazepamu kwa dozi ndogo. Parasetamoli yenyewe ni miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 240, yaani mililita 10 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Nimeandika hesabu kwa makusudi, kwani kijiko cha chai ambacho wengi hutumia ni nusu ya dozi hiyo.

Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa vya baridi au vya bluu, au akipiga kelele unapokinyanyua kidole taratibu, hogo linabana: rudi hospitali usiku huo huo lipasuliwe, usingoje kliniki. Akilalamika kisigino kinachoma mahali pamoja, amini. Kidonda cha hogo huuma siku mbili tatu halafu hukoma, na kukoma huko kunaweza kumaanisha ngozi imeshakufa; ndipo harufu inapofuata. Na usimruhusu mtu aingize kijiti cha kukunia.

Splinti ipimwe kabla hogo halijaondolewa kabisa, mathalani linapobadilishwa wiki ya tatu, ili siku ya kufunguliwa iwe tayari. Hapa ndipo operesheni nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtoto anafunguliwa, anaambiwa arudi baada ya mwezi kuchukua splinti, na mwezi huo kigimbi kinajifunga upya. Splinti ya plastiki ya polipropilini hushika unyayo na mguu mpaka karibu na goti. Ivaliwe juu ya soksi ya pamba isiyo na mshono mnene. Siku ya kwanza saa moja tu, ivue, tazama ngozi: wekundu unaopotea ndani ya dakika 20 hadi 30 ni wa kawaida, usiopotea ni wa kurudishwa kwa fundi apashe moto plastiki na kuitanua pale. Ongeza saa moja moja kila siku. Viatu vichukuliwe namba moja au mbili zaidi, vyenye mdomo mpana. Kwa umri huu atahitaji splinti mpya karibu kila mwaka, na hilo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mguu ukitoka kwenye hogo utakuwa mwembamba, wenye magamba, na dhaifu kuliko kabla. Usishtuke. Baada ya operesheni ya viungo vingi kwa pamoja, miezi 3 ya mwanzo mtoto hutembea vibaya kuliko zamani, karibu miezi 6 anarudi alipokuwa, na faida huendelea kuonekana hadi mwaka au miwili. Kwa kigimbi peke yake ni haraka zaidi.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kigoda. Kigoda kiwe na kimo cha kuacha magoti yake mraba, splinti miguuni, nyayo bapa chini. Anasimama taratibu bila kusukuma kwa mikono, anakaa taratibu zaidi, kwa kuwa kule kushuka ndiko kunakojenga nguvu. Mara 8 hadi 12, apumzike dakika mbili, arudie mpaka mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Akimaliza 12 zote bila kuhema, mvalishe mkoba wenye nusu kilo ya mchele. Ongeza na kupanda kizingiti cha sentimita 10, mguu huu kisha ule, na baiskeli ya magurudumu matatu kama ipo mtaani. Mazoezi yahusu kitu anachokitaka yeye. Mtoto anayetaka kufika dukani peke yake afanye mazoezi ya njia ya dukani, kokoto na yote.

Onyo kwa wazazi ambao watoto wao hawatembei na wamefungwa hogo la kiunoni kwa operesheni ya nyonga: mfupa uliokaa wiki sita bila kubeba uzito umekuwa mwepesi. Goti likilazimishwa kukunjwa wiki ya kwanza, paja huweza kuvunjika juu kidogo ya goti. Goti lililovimba, lenye joto, mtoto analia na ana homa kidogo, wengi hutibiwa malaria. Apigwe eksirei.

Umeuliza kama atatembea kama wenzake. Operesheni mara chache sana humhamisha mtoto kutoka ngazi moja ya GMFCS kwenda nyingine, na aliye ngazi ya 2 leo kwa kawaida atakuwa ngazi ya 2 ukubwani. Atatembea mwenyewe, atapanda ngazi akishika kishikio au ukuta, kukimbia kutamshinda. Anachoweza kupata kwa operesheni iliyofanywa kwa wakati wake ni unyayo unaokanyaga bapa, kiatu kinachovalika, na mwendo usiomchosha kabla hajafika shuleni.

Kwa hiyo mwezi ujao nenda kambini, lakini nenda na eksirei na ile video. Mwombe daktari apime unyayo mbele yako, goti limenyooka kisha limekunjwa, akuandikie nyuzi zote mbili kwenye kadi. Muulize pia nani atalifungua hogo wiki ya sita na splinti itatengenezwa wapi, maana kambi huwa imeshaondoka. Kutoka Korogwe, hospitali ya KCMC Moshi wanaona watoto hawa, na chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na splinti kiko hapo hapo. Ukielekea Dar es Salaam kuna hospitali za CCBRT na MOI. Wasomaji wa Kenya wana hospitali ya CURE Kijabe, na wa Uganda wana hospitali ya CoRSU kule Kisubi, barabara ya Entebbe. Nyuzi zikishaandikwa na picha ikishasomwa, niandikie tena nikuambie ningefanya nini.